Mahindi ya zambarau: faida za rangi hii zinafika mezani kwetu, au zinaishia mashineni?

#1 – MwanaKimara

Habari za leo, wakuu.

Wiki iliyopita shemeji yangu alitoka Kilosa akaniletea debe moja la mahindi ambayo sijapata kuyaona Tandale wala Manzese. Punje zake ni za zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi, chache zina madoadoa meupe, na gunzi lenyewe ni jeupe. Huko kwao hupandwa mistari michache pembezoni mwa shamba kwa ajili ya kuchoma na kupikia makande, na mbegu hurithishwa ndani ya ukoo bila kununuliwa dukani. Siku mbili baadaye nikakutana na kijana pale Mbezi akiuza unga aliouita wa mahindi ya zambarau, kwa bei iliyozidi sembe mara nne, huku akieleza kwamba una "viondoa sumu" vinavyotibu kisukari, presha na uvimbe.

Sikununua, ila nilirudi nyumbani nikafanya jaribio dogo. Nilitwanga kiganja kimoja cha zile punje za Kilosa, nikaziloweka katika maji ya moto, na baada ya saa moja maji yakawa ya zambarau hafifu. Nilipokamulia limau yaligeuka mekundu yenye kung'aa mithili ya juisi ya rozela, na katika glasi ya pili nilipotia magadi kidogo yakawa ya samawati iliyochanganyika na kijani. Watoto walifurahi sana, nami nikabaki na maswali mawili. Je, ni kweli mahindi haya yana kitu chenye faida ambacho sembe yetu haina? Na kama kipo, kinabaki kiasi gani baada ya kukoboa, kusaga na kusonga?

#2 – Mwalimu wa Maabara

Shukrani kwa uzi mzuri, mkuu. Ulichokiona kwenye glasi ni tabia ya anthosayanini, jamii ya rangi za mimea ambayo pia huipa rozela wekundu wake na zabibu nyeusi weusi wake. Rangi hizo huelekea wekundu penye asidi na samawati au kijani penye magadi, kwa hiyo jaribio lako limethibitisha kwamba zimo. Katika mahindi, iliyo nyingi zaidi kwa kawaida huitwa sayanidini-3-glukosidi.

Naomba hata hivyo tuliweke vizuri neno "viondoa sumu", kwa sababu ndilo linalompa mchuuzi mwanya wa kuahidi tiba. Anthosayanini haziendi mwilini kusaka sumu na kuitoa nje. Kinachosemwa na wanakemia ni kwamba zina uwezo wa kuzima radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenza ambazo huharibu mafuta, protini na vinasaba vya seli. Jina linaloeleweka zaidi ni vizuia oksidisho, au antioksidanti kama wengi walivyozoea.

Jambo la pili ni kwamba kuzima radikali ndani ya mirija ya maabara na kufanya hivyo ndani ya mtu ni mambo mawili tofauti. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali la kupanga vyakula kwa nguvu hiyo, na mwaka 2012 ikaliondoa, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakilitumia kunadi bidhaa ilhali namba zile hazikuonyesha kinachotokea mwilini.

#3 – Fundi Mashine Manzese

Mimi nitajibu swali la pili, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku kwa miaka kumi na moja. Kuna mama mmoja kutoka Songea aliwahi kutuletea mahindi kama hayo ya kwako, mkuu namba 1, akataka sembe. Tuliyakoboa mara mbili kama ilivyo desturi. Pumba iliyotoka ilikuwa ya zambarau kama iliyotiwa wino, na punje zilizobaki zilikuwa nyeupe na mistari michache tu ya weusi karibu na kitako. Unga wake ukiuweka kando ya sembe ya kawaida ungehitaji kuukazia macho ndipo uone tofauti. Yule mama alisikitika sana, na mimi ndiye niliyemweleza kwamba rangi yake yote imo kwenye lile gunia la pumba, ambalo kwa kawaida tunawauzia wafugaji wa kuku na nguruwe.

#4 – Binti Mzaramo

Kwa hiyo kuku wa Manzese wanakula antioksidanti, nasi tunakula wanga. Fundi, kuanzia leo nasaga dona.

#5 – Dada Lishe

Maelezo ya Fundi katika bandiko namba 3 yanaendana kabisa na jinsi punje ilivyoumbwa. Juu kuna ganda la nje, chini yake kuna tabaka jembamba sana liitwalo aleuroni, kisha ndiyo inafuata sehemu kubwa ya wanga, na pembeni kuna kiini chenye mafuta. Katika mahindi mengi ya samawati na zambarau, anthosayanini zimo kwenye aleuroni. Katika yale mahindi meusi ya Peru, zimo kwa wingi kwenye ganda la nje na hata kwenye gunzi, ndiyo maana watu wa huko huchemsha punje pamoja na magunzi, maganda ya nanasi, mdalasini na karafuu, kisha wakishaipua hutia limau na kupata kinywaji wanachokiita chicha morada. Iwe ganda au aleuroni, mashine ya kukoboa inaondoa vyote viwili.

Ila naomba nipingane kidogo na mwelekeo wa uzi huu. Tunaongea kana kwamba rangi ndiyo kila kitu, na sivyo. Mahindi meupe haya haya yana asidi feruliki, ambayo nayo ni kizuia oksidisho, na imejaa kwenye ganda. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walilinganisha mahindi, ngano, shayiri ya uji (oti) na mchele, wakakuta mahindi ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi ya kuzuia oksidisho, na kwamba sehemu kubwa ya kemikali hizo za kuzuia oksidisho, takriban asilimia 85, ilikuwa imefungwa kwenye kuta za seli. Kilichofungwa hivyo hakinyonywi kirahisi tumboni bali husafiri hadi utumbo mpana, ambako bakteria huanza kukifungua. Anayekula dona jeupe amekwisha kupata sehemu ya faida mnayoitafuta, pamoja na nyuzinyuzi. Kwa maoni yangu, swali la kwanza kwa familia ya Dar es Salaam ni dona au sembe, na swali la rangi linafuata baadaye.

#6 – Mzee wa Ilala

Vijana wangu, nimesoma kwa makini. Sisi tuliokuwa mjini miaka ya 1970, ukame ulipobana na chakula cha msaada kikaingia, tulikula mahindi ya rangi kwa lazima. Ule unga wa njano kutoka Marekani tuliuita unga wa Yanga. Tulipanga foleni tangu alfajiri, na mke wangu alipousonga nyumba nzima ilijaa harufu ambayo mpaka leo naikumbuka, harufu ya kitu kilichokaa muda mrefu ndani ya meli. Watoto walilia wakidai ugali mweupe. Kama rangi ingekuwa afya, basi kizazi chetu kilishapata dozi yake, lakini sikumbuki yeyote aliyeusifu, hata waliokuwa wanachama wa klabu yenyewe.

#7 – Mwalimu wa Maabara

Shikamoo mzee wangu. Kumbukumbu hiyo ina thamani kubwa, ila naomba kutenganisha rangi mbili ambazo zimechanganywa. Unjano wa mahindi hautokani na anthosayanini bali na karotenoidi, ambazo zimo ndani ya sehemu ya wanga yenyewe, kwa hiyo haziishii zote kwenye pumba hata ukikoboa. Mbili kati ya hizo, lutini na zeazanthini, ndizo hujikusanya katikati ya retina ya jicho, na hiyo ya pili hata jina lake limetokana na jina la kisayansi la mahindi, Zea. Nyingine, kama beta-karotini, mwili huzigeuza kuwa vitamini A. Mahindi meupe karibu hayana kabisa.

Ndiyo sababu wazalishaji wa mbegu wakatafuta mahindi ya rangi ya chungwa. Mahindi ya njano ya kawaida huwa na karotini za kugeuka vitamini A chini ya mikrogramu 2 kwa gramu, na lengo walilojiwekea ni mikrogramu 15. Zambia iliidhinisha aina zake za kwanza mwaka 2012, na majaribio yaliyofanywa huko kwa watoto yalionyesha kwamba akiba ya vitamini A mwilini iliongezeka. Huo ni ushahidi kwa watu halisi, tena watoto wa majirani zetu, na ni mzito kuliko mengi yanayosemwa kuhusu zambarau. Ubaya wake ni kwamba karotenoidi hupotea ghalani kadiri miezi inavyopita, na katika unga hupotea haraka zaidi.

#8 – Mzee wa Ilala

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa. Basi ule wa kwetu huenda karotini zake ziliishia baharini.

#9 – Nesi wa Temeke

Naomba niseme jambo linalonigusa. Mama yangu mdogo ana kisukari kwa miaka tisa sasa. Mwaka jana alipewa na jirani unga wa namna hii pamoja na maelezo yaleyale ya mchuuzi wa Mbezi, akaamini, akaacha vidonge kimyakimya na kula ugali wa zambarau asubuhi na jioni. Baada ya wiki tatu tulimkuta hajiwezi, midomo imekauka, sukari imepanda kiasi ambacho kipimo cha nyumbani kilishindwa kusoma. Alipona, namshukuru Mungu, lakini nilipomwuliza kwa nini hakuniambia, alinijibu kwamba ni chakula tu, sasa aniombe ruhusa ya nini. Ugali wa zambarau ni ugali, ndugu zangu. Wanga umo uleule, na sukari inapanda.

Najua mwaka 2003 watafiti wa Japani walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba panya waliolishwa mafuta mengi pamoja na rangi ya mahindi ya zambarau hawakunenepa wala kupanda sukari kama wenzao. Ni kazi nzuri, lakini ni ya panya, na waliongezewa rangi iliyokamuliwa, siyo tonge la ugali. Tusisahau pia kilichotokea Finland. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya jaribio la wavuta sigara zaidi ya 29,000, ambapo waliopewa vidonge vya beta-karotini, antioksidanti inayosifiwa kila mahali, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa.

#10 – Dada Lishe

Pole sana kwa mama mdogo, dada. Nakuunga mkono kuhusu dawa, na wala sibishi. Ila matokeo ya Finland yalihusu vidonge vyenye kiwango kikubwa kwa wavuta sigara, na hayawezi kutumika kumwogopesha mtu na mahindi ya njano wala karoti.

#11 – Mtoto wa Mbagala

Kuna anayejua kwa nini basi tulianza kuchukia rangi? Bibi yangu anasema zamani kwao mahindi yalikuwa mchanganyiko, mekundu, ya njano na yenye madoa, na hakuna aliyejali. Nimesoma kwamba sababu ni ya kikoloni. Walowezi wa Rhodesia na Kenya walilima mahindi meupe kwa ajili ya soko la Uingereza, mbegu kama Hickory King zikaenea, na madaraja ya ununuzi yakampunguzia bei mkulima aliyepeleka mahindi ya rangi mchanganyiko. Mzee wa Ilala anasema ni harufu ya msaada. Nadhani soko ndilo lililoanza, na harufu ikamalizia.

#12 – Shangazi wa Kariakoo

Mwanangu wa Mbagala, usisahau kuku. Mimi nauza nafaka, na mteja akiona mahindi ya njano neno la kwanza ni "haya ni ya mifugo". Mekundu wanasema ni ya kwenye pombe. Hakuna anayenitajia Waingereza. Weupe wa ugali ni heshima ya meza, mgeni hawekewi ugali wenye rangi labda awe mtu wa nyumbani, na ndivyo ilivyokuwa hata kwa mchele. Halafu kuna ladha. Mahindi ya njano yana utamu fulani ambao kwa samaki mkavu na mlenda haukai vizuri.

Nina swali pia. Nikipika makande ya mahindi ya rangi yanageuka kijivu kama majivu. Ni kwa nini?

#13 – Mwalimu wa Maabara

Shangazi, shikamoo. Bila shaka unatia magadi ili maharage yaive upesi. Hiyo ndiyo glasi ya pili ya mleta uzi. Tena si rangi tu inayobadilika, kwa kuwa anthosayanini huharibika kwa kasi penye magadi na moto pamoja. Ukitaka zibaki, loweka usiku kucha, pika bila magadi, na limau utie ukishaipua.

#14 – Dada Lishe

Hapo kuna jambo la kufikirisha. Watu wa Mexico, ambako mahindi yalifugwa kutoka kwenye nyasi mwitu takriban miaka 9,000 iliyopita, huchemsha mahindi yao, pamoja na ya samawati, katika maji ya chokaa kabla ya kuyasaga. Wanapoteza sehemu ya anthosayanini, lakini chokaa hulegeza ganda, hufungua ile asidi feruliki niliyoitaja, na zaidi ya yote huifungua niasini, yaani vitamini B3. Walioyachukua mahindi bila kuchukua chokaa walipata pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini. Haiko mbali nasi, kwani mwaka 1990 ugonjwa huo uliwakumba wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 nchini Malawi, waliotegemea mahindi ya msaada baada ya mgao wa karanga, zenye niasini, kukatika. Kwa hiyo sikubaliani na mwalimu kwamba njia bora ni ile inayobakiza rangi. Inategemea unatafuta nini kwenye punje.

#15 – MwanaKimara

Nimejifunza mengi, ahsanteni nyote. Leo jirani yangu mwenye asili ya Mbeya amenipa mahindi yake mekundu kama matofali. Nimetwanga, nimeloweka tangu asubuhi, na maji hayajabadilika hata kidogo. Limau halikusaidia. Je, hayana kitu?

#16 – Mkulima wa Kibamba

Nilisomea kilimo Morogoro, hivyo hili naweza kulijibu. Wekundu wa matofali kwenye ganda la mahindi mara nyingi si anthosayanini bali ni flobafeni, rangi ya ukoo uleule wa kikemia lakini isiyoyeyuka katika maji, ndiyo maana glasi yako imebaki kama ilivyokuwa. Si kwamba hayana kitu, ila ni kitu kingine.

Kuhusu yale madoadoa meupe uliyoyataja mwanzoni, ambayo wote mmeyapita, ni miongoni mwa mambo makubwa kabisa katika elimu ya vinasaba. Barbara McClintock alichunguza punje za mahindi zenye madoa, akagundua kwamba kuna vipande vya vinasaba vinavyohama kutoka mahali hadi mahali. Kipande kikijipachika ndani ya jeni ya rangi, rangi inazimika, na kikihama inawaka tena katika seli zile tu na kizazi chake. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983. Mtazame mmoja wa watoto wako akiokota punje yenye doa, mkuu, kisha umweleze hivyo.

Na ukitaka kupanda, jihadhari. Rangi ya aleuroni huamuliwa pia na chavua, hivyo jirani akiwa na mahindi meupe unaweza kuvuna magunzi yenye punje mchanganyiko msimu huohuo. Rangi ya ganda haina shida hiyo, kwa kuwa ganda ni mwili wa mama peke yake, na mchanganyiko wake utauona kwa watoto wake msimu unaofuata.

#17 – Nesi wa Temeke

Nimerudi kwa jambo moja. Mwaka 2013 watafiti nchini Uingereza waliwapa wanaume wanane miligramu 500 za ile sayanidini-3-glukosidi aliyoitaja mwalimu, ikiwa imewekewa alama ya kaboni ili ifuatiliwe. Kiasi cha asilimia 12 tu ndicho kilichoonekana kunyonywa, na kingi kilikuwa kimeshageuzwa kuwa vitu vingine. Kama kuna faida, basi huenda inaletwa na vile vitu vingine ambavyo mwili na bakteria wa tumbo huvitengeneza, na habari ya "kuzima radikali" si maelezo sahihi.

#18 – Mwalimu wa Maabara

Inawezekana kabisa, dada. Wapo pia wanaosema kemikali hizi huuchokoza mwili kidogo nao ukaamsha kinga zake wenyewe. Mimi bado naona tusitupe nadharia ya radikali mapema, kwa sababu ndani ya utumbo kwenyewe, kabla ya kunyonywa, kazi hiyo inaweza kufanyika.

#19 – Dada Lishe

Au ni nyuzinyuzi tu. Anayekula mahindi ya zambarau karibu kila mara anayala bila kukobolewa.

#20 – Fundi Mashine Manzese

Wote mnaohamia dona, niruhusuni neno la mashineni. Dona lina kiini, kiini kina mafuta, na mafuta huchacha, kwa hiyo saga kidogo kidogo, la wiki mbili hivi. Pili, punje nyeusi zinaficha ukungu. Kwenye mahindi meupe naona uozo kwa jicho, kwenye haya ya zambarau sioni. Tunakumbuka sumukuvu, ile sumu ya ukungu, ilivyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Antioksidanti haiondoi sumukuvu. Pasua punje chache katikati, zinuse, na kama debe lilisafiri likiwa na unyevu, lianike kwanza.

#21 – MwanaKimara

Nimepasua punje ishirini usiku huu chini ya taa. Kumi na nane ni safi, ndani nyeupe pee na ukingo mwembamba wa zambarau kama uzi, sawa na alivyoeleza Dada Lishe. Mbili zina unga wa kijivu karibu na kiini. Kesho naanika debe lote na kulichagua punje kwa punje na watoto. Fundi, nikija na nusu ya kusaga dona, unaweza kunisagia bila kuchanganya na ya wengine? Ile nusu nyingine namwachia Mkulima wa Kibamba mbegu, kama anayo nafasi ya kuipanda mbali na jirani.

#22 – Fundi Mashine Manzese

Njoo Jumamosi kabla ya saa moja asubuhi. Nitakuwa nimeshasafisha mashine na hakuna mtu aliyetangulia.

#23 – Mkulima wa Kibamba

Nafasi ipo. Jirani yangu amepanda mihogo.